Maswali na majibu: Trakiboli kwa mkono usiotii

Maswali ya safari hii yanahusu trakiboli, kile kifaa cha kuongozea kompyuta ambacho mwili wake hukaa palepale mezani, huku mpira uliolala juu yake ukizungushwa kwa kidole, kwa kiganja au kwa sehemu nyingine yoyote ya mwili inayoweza kuusukuma. Barua nimezifupisha.

Swali: Kijana wangu ana mtindio wa ubongo na kipanya cha kawaida kimemshinda. Je, trakiboli itamsaidia, au ni kipanya kilekile chenye umbo jingine?

Kipanya humtaka mtu afanye mambo matatu kwa pamoja: akishike, akisukume juu ya meza kwa nguvu ya bega na kiwiko, kisha akitulize kabisa huku kidole kimoja kikibonyeza. Trakiboli haishikwi wala haihamishwi. Mkono unaweza kuwekwa juu yake, ukaondolewa misuli inapokaza, ukapumzishwa na kurudishwa, na muda wote huo kishale kikabaki pale kilipoachwa. Faida yake kubwa, kwa hiyo, ni kwamba kusogeza na kubofya vinakuwa vitendo viwili ambavyo si lazima vifanywe na mkono mmoja wala kwa wakati mmoja.

Kabla ya kununua, kaa kando yake umtazame akifanya kazi bila kumsaidia. Ikiwa kishale hufika karibu na kitu anachokitaka halafu hutoroka anapobonyeza, au ikiwa kipanya chenyewe humponyoka na kuanguka, trakiboli inafaa kujaribiwa. Ikiwa shida yake ni kutokiona kishale kilipo, anza na mipangilio ya kukikuza na kukibadilisha rangi, kwa sababu mpira hautaliondoa tatizo hilo.

Swali: Kuna zenye mpira mdogo wa kusukumwa kwa dole gumba na zenye mpira mkubwa wa katikati. Nichague ipi?

Zile za dole gumba, ambazo mpira wake mara nyingi una kipenyo cha milimita 34 hivi, zimekusudiwa watu wenye dole gumba madhubuti wanaotaka kupumzisha kifundo cha mkono, na nyingi zimechongwa kwa ajili ya mkono wa kulia pekee. Kwa mtu asiyeumudu mkono wake vizuri, mimi sizipendekezi. Mpira wa katikati wenye milimita 55 husukumwa kwa vidole kadhaa kwa pamoja, na ule wa takriban milimita 75, unaopatikana kwenye vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ulemavu, unaweza kuendeshwa kwa ngumi, kwa ubavu wa kiganja au hata kwa kiwiko.

Angalia vitufe kwa makini kuliko unavyouangalia mpira. Vitufe vinavyozunguka mpira kwa karibu hubonyezwa bila kukusudia kila mkono unapoteleza, ilhali vilivyowekwa nyuma ya mpira, au vilivyofunikwa kwa bamba lenye matundu ya kupitishia kidole, huuruhusu mkono kupumzika juu ya kifaa bila kufungua mambo ambayo mtu hakuyataka.

Swali: Nina ugonjwa wa Parkinson. Kishale nakifikisha ninapotaka, lakini nikibonyeza tu kinaruka pembeni. Nimepunguza kasi yake mpaka mwisho na bado.

Kupunguza kasi ndio ushauri unaotolewa kila mahali, na ukisimama peke yake huchosha mtu, kwa kuwa sasa unalazimika kuuzungusha mpira mara nyingi ili kuvuka skrini, na mkono uliochoka hutetemeka zaidi. Kishale huruka kwa sababu kidole kinapobonyeza, vidole vingine bado vimegusa mpira. Kwa hiyo shughulikia kwanza mkono, kisha mipangilio.

Fikisha kishale, inua mkono wote kutoka kwenye mpira, uweke ubavu wake mezani, ndipo ubonyeze. Au, ikiwezekana, ubonyeze kwa mkono mwingine kabisa. Katika Windows kuna huduma ya vitufe vya kipanya, ambayo hugeuza vitufe vya tarakimu vilivyo upande wa kulia wa kibodi kuwa vitufe vya kubofya: 5 hubofya mara moja, alama ya kujumlisha hubofya mara mbili, 0 hushikilia na nukta huachilia. Mkono wa kulia unaweza basi kuzungusha mpira na kuondoka, na wa kushoto ukagusa 5. Ikiwa tarakimu zenyewe ni ndogo mno, zipo trakiboli zenye tundu la milimita 3.5 la kuchomekea swichi ya nje, yaani kitufe kimoja kikubwa kinachoweza kuwekwa popote: chini ya mkono wa pili, pembeni ya kiwiko, au karibu na kichwa kwenye egemeo la kiti.

Baada ya hapo rudi kwenye mipangilio. Zima ile hali ya kishale kuongeza kasi mpira unaposukumwa haraka, kwa sababu mtetemo mdogo wa ghafla huhesabiwa kuwa msukumo wa haraka na kishale hutupwa mbali. Agiza mafaili yafunguke kwa mbofyo mmoja ili uepukane na mibofyo miwili ya kufuatana. Kuza maandishi na alama za skrini, maana kitu kikubwa ni rahisi kukilenga. Baadhi ya vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu vina kichujio cha mtetemo ndani yake, lakini nisingekushauri ulipie hicho kabla ya kuyajaribu haya, ambayo hayana gharama.

Swali: Shikamoo. Siwezi kushikilia kitufe huku nikiburuta kitu. Nifanyeje?

Marahaba. Tafuta trakiboli yenye kitufe cha kufunga mburuto: unakibonyeza mara moja kifaa kikachukulia kuwa umeshikilia, unazungusha mpira kwa nafasi yako, kisha unabonyeza tena kuachilia. Ikiwa yako haina, sifa za kipanya katika Windows zina chaguo linalofanya kazi hiyohiyo: ukishikilia kitufe cha kushoto kwa muda mfupi kinajifunga, na mbofyo unaofuata hukifungua. Muda huo wa kushikilia unaweza kuufupisha. Vilevile mengi yanayofanywa kwa kuburuta yanaweza kufanywa kwa kukata na kubandika, njia ambayo binafsi naiona nyepesi zaidi.

Swali: Mikono yangu haibonyezi kabisa, lakini mguu mmoja una nguvu. Je, trakiboli inaweza kukaa sakafuni?

Inaweza, na wapo wanaoitumia hivyo. Chagua mpira mkubwa, kiweke kifaa juu ya mkeka usioteleza, na ukiinamishe kidogo kumwelekea mtumiaji ili kisigino kipumzike chini huku nyayo ikisukuma. Sehemu sahihi ya kukiweka hupatikana kwa kujaribu ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha kila siku. Mtaalamu wa tiba kazi akiwepo, mwombe aangalie nyonga na mgongo wako wakati unakitumia, kwa kuwa mguu unaofanya kazi bila mwili kuegemezwa vizuri huleta maumivu mahali pengine.

Kuhusu kubofya, unaweza kuacha kubonyeza kabisa. Kompyuta za Apple zinazotumia macOS, na za Linux zinazotumia GNOME (moja ya mazingira ya skrini ya Linux), zina huduma ya kubofya kwa kutulia: kishale kikikaa mahali pamoja kwa muda uliouchagua, mbofyo hujifanya wenyewe. Katika Windows, kibodi ya kwenye skrini inaweza kuandika herufi kishale kikitulia juu yake, lakini kubofya sehemu nyingine kwa njia hiyo kwa kawaida huhitaji programu ya kuongezea. Anza na muda mrefu, kisha uufupishe taratibu; ukianza na mfupi utajikuta unafungua kila unachokipitia.

Swali: Binti yangu anakataa kuitumia shuleni. Anasema ni kifaa cha wagonjwa.

Mwambie kwamba trakiboli ni kongwe kuliko kipanya. Ralph Benjamin aliibuni mwaka 1946 kwa ajili ya mfumo wa rada wa jeshi la wanamaji la Uingereza, ilhali Douglas Engelbart alikionyesha kipanya chake hadharani mwaka 1968. Mashine nyingi za picha za mawimbi ya sauti, zile wanazopimiwa wajawazito, zina mpira kama huo, na daktari huuzungusha kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika kipimo. Akiendelea kukataa, msimlazimishe. Mruhusuni aizoee nyumbani kwa jambo analolipenda mwenyewe, hata kama ni mchezo.

Swali: Inafanya kazi na simu au tableti?

Ndiyo. Simu na tableti nyingi za Android huipokea kwa Bluetooth au kwa waya wenye kiunganishi kinachofaa, na iPad huipokea tangu iPadOS 13 ya mwaka 2019. Kote kuwili kuna kubofya kwa kutulia ndani ya mipangilio ya ufikivu, yaani ile ya kuwasaidia watu wenye ulemavu.

Swali: Mpira wangu umeanza kukwama na kishale kinasita. Je, umeharibika?

Yaelekea ni uchafu. Nyingi zina tundu chini: sukuma kwa kidole au kwa ncha butu ya penseli mpira utoke, na ndani utaona vijiwe vitatu vidogo vinavyoubeba. Mafuta ya ngozi na vumbi hujikusanya hapo kama utando wa kijivu, na ndiyo yanayoukwamisha. Yafute kwa kitambaa kikavu, futa na dirisha dogo la kihisio, yaani sehemu inayosoma mwendo wa mpira, bila kulikwaruza, kisha futa mpira wenyewe na uurudishe. Kwa mtu anayeusukuma kwa nguvu ndogo, utando huo huanza kumzuia mapema kuliko mtu mwingine yeyote atakavyougundua, hivyo msaidizi asisubiri malalamiko: ausafishe kila wiki, na kila mara mtumiaji anapoonekana kuchoka upesi kuliko kawaida yake.