Kabla Hujakopa kwa Sababu ya Rigi, Uliza Ina Vitanda Vingapi

Mjomba wangu wa Msimbati hupima bahari kwa pima. Hushusha mshipi wenye chubwi, chubwi ikigusa chini huuvuta huku akihesabu kwa mikono miwili iliyonyooshwa, pima moja, pima mbili. Mwaka 2013 niliporudi kutoka kwenye meli ya kuchimbia gesi, watu wote nyumbani waliniuliza habari za mshahara na chakula. Yeye aliniuliza, "Huko mlikokuwa ni pima ngapi, mjomba?" Nikapiga hesabu nikamwambia karibu 1,400. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi ukubwa wote ule ni wa kamba."

Laiti ningeyashika maneno yake siku ile ile, ningejiokoa na deni la miaka minne. Leo nawaandikia vijana wa Mtwara na Lindi wanaotumiana picha za rigi, yaani mitambo ya kuchimba gesi baharini, na kuanza kupanga maisha kwa kuutazama ukubwa wake.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye yadi ya vifaa hapa Mtwara mjini. Nikapelekwa baharini wiki tatu kuhesabu mabomba na vipuri. Tuliondoka uwanja wa ndege asubuhi kwa helikopta, na nilipoiona meli kwa mbali nilidhani ni kisiwa. Urefu wake ulizidi mita 220, yaani viwanja viwili vya mpira vilivyounganishwa goli kwa goli bado havikuifikia. Katikati umesimama mnara wa chuma ambao ukiwa chini yake lazima ukunje shingo hadi kofia ianguke. Jioni ya kwanza nilitembea kutoka mbele hadi nyuma na nilipofika mwisho jasho linanitoka.

Lakini kazi yangu ilikuwa kuhesabu, na kuhesabu ndiko kulikonifumbua macho. Sitahani ilijaa mabomba manene yaliyovishwa maboya, kila kipande mita 23 hivi. Hayo huunganishwa moja baada ya jingine kuanzia melini hadi sakafu ya bahari, na ndani yake ndimo keekee inamopita. Kwenye kina cha mita 2,500 na ushei unahitaji vipande zaidi ya mia moja. Mwishoni mwake hufungwa mtambo wa vali za kuziba kisima gesi ikilipuka, peke yake ukiwa na uzito wa zaidi ya tani 300. Sasa fikiria: uzito huo wote unaning'inia kwenye mnara mmoja. Kwa hiyo mnara lazima uwe mkubwa. Mnara mkubwa unataka meli pana isiyoyumba. Kwenye kina kile nanga hazitumiki, kwa hiyo chini ya meli kuna mapangaboi makubwa yanayozunguka usiku na mchana kuizuia isisogee juu ya kisima, yakiongozwa na setilaiti. Mapangaboi yanataka jenereta, jenereta zinataka mafuta, mafuta yanataka matangi. Meli inazidi kuvimba, na chanzo chake ni kina. Mjomba alikuwa sahihi. Ni kamba.

Maana yake ni kwamba ukubwa wa rigi unakuambia bahari ina kina gani pale. Haukuambii gesi ni nyingi kiasi gani, wala kazi ni ngapi, wala itakaa muda gani. Penye maji ya mita mia moja hivi hutumika rigi ya miguu, inayosimama juu ya sakafu ya bahari kama korongo. Kina kikizidi sana huja meli kama yetu. Visima vyetu vya kina kirefu, vile vilivyopewa majina ya viumbe wa baharini na viungo (Pweza, Chaza, Jodari, Mzia, na kule Kitalu namba 2, eneo jingine la kutafutia gesi baharini, Zafarani, Lavani na Tangawizi), vilihitaji vyombo vya namna hii. Zafarani, kilichochimbwa mwaka 2012, kiko kwenye maji ya kina cha takriban mita 2,580.

Na nilihesabu vitanda pia. Havikufika 200.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama nikafikiri, ila sikusimama. Nilirudi mjini nikakopa, nikajenga vyumba sita Chuno, vyenye viyoyozi na vyoo vya ndani, nikinunua hadi tangi la maji la lita 5,000. Wakati ule Mtwara yote ilikuwa inajenga. Kiwanja kilichouzwa bei ya baiskeli kilifika bei ya gari. Nilijiambia, chombo kikubwa vile, watu wake watalala wapi kama si kwangu?

Walilala melini. Jambo hilo nililiona kwa macho yangu na bado sikulitia akilini. Mfanyakazi wa rigi anashuka kwenye ndege Mtwara, anavishwa jaketi la kuokolea, anapanda helikopta siku hiyo hiyo. Wiki zake zikiisha anarudi vivyo hivyo. Hali ugali wetu wa muhogo, hanunui ming'oko stendi, hapangi chumba. Na meli ikimaliza kisima inaondoka, kwa sababu kukodi chombo kama kile kwa siku moja ni mamia ya maelfu ya dola. Katika nusu ya pili ya 2014 bei ya mafuta duniani ikaanza kuporomoka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa hadi chini ya 50 mwanzoni mwa 2015, na kampuni za kila mahali zikapunguza uchimbaji. Vyumba vyangu vilikaa vitupu miezi tisa. Siku hizi wanakaa wanafunzi wa chuo, wawili wawili, kwa kodi ambayo sikuipigia hesabu.

Kwa hiyo ukisikia chombo kikubwa kinakuja, uliza kwanza: kinachimba au kinazalisha? Cha kuchimba ni mgeni. Kinafanya kazi wiki au miezi, kinakwenda nchi nyingine. Cha kuzalisha hukaa miaka mingi. Kule Norwei kuna jukwaa la zege linaloitwa Troll A, lilivutwa baharini mwaka 1995 likiwa na urefu wa mita 472 kutoka unyayo hadi juu. Hakuna jengo Dar es Salaam linalofikia hata nusu yake. Limesimama pale pale hadi leo.

Lakini hata hicho cha kuzalisha, uliza vitanda. Jirani zetu wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, wana Coral Sul, meli-kiwanda inayogandisha gesi kuwa kimiminika huko huko baharini na kuipakia kwenye meli za wanunuzi. Shehena ya kwanza ilitoka Novemba 2022. Urefu wake ni mita 432. Gati letu jipya la Mtwara lina mita 300, kwa hiyo chombo hicho kingelala hapa kingetokeza mita 132 nje. Ilijengwa Korea Kusini ikavutwa hadi Cabo Delgado, na ina malazi ya watu 350 tu. Ndiyo maana nafuatilia sana mazungumzo ya kiwanda cha gesi ya kimiminika kinachopangwa kujengwa Likong'o, Lindi. Kiwanda cha nchi kavu kina watu wanaorudi nyumbani jioni, wakapita sokoni.

Ukitaka kuona tofauti, nenda Msimbati. Gesi ya huko, iitwayo ya Mnazi Bay, iligunduliwa mwaka 1982. Kisima chenyewe utakikuta ndani ya uzio, nguzo ya mabomba na vali ambayo mtoto angeweza kuichora kwa penseli moja. Hakuna anayepiga nayo picha. Na gesi ya pale ndiyo inayosafishwa Madimba na kuingia kwenye bomba la inchi 36 lililozinduliwa mwaka 2015, mpaka mitambo ya umeme ya Dar es Salaam.

Kama unatafuta ajira baharini kabisa, pesa yako ya kwanza iweke kwenye cheti cha usalama, pamoja na mafunzo ya kutoka kwenye helikopta iliyozama, na vipimo vya afya. Bila hivyo huruhusiwi kupanda hata kama una shahada. Jifunze uchomeleaji, umeme au uendeshaji wa kreni, kwa sababu fundi wa hivyo rigi ikiondoka bado ana kazi bandarini na kwenye kiwanda cha saruji. Kama ni biashara, itazame yadi ya vifaa na gati, si hoteli. Meli za kupeleka mizigo huja kuchukua saruji, maji, mboga na mayai, na mzigo huo unahitaji malori, wapakiaji na mtu wa kuleta mayai kila wiki bila kukosa. Jirani yangu wa Chuno alifuga kuku mwaka ule ule niliojenga. Rigi ilipoondoka alihamishia mayai yake sokoni, asubuhi iliyofuata.