Binti yako afunge kamusi kwanza: maombolezo ya Waingereza wa kale

Dada, umesema binti yako yuko darasa la 12 huko Marekani, mwalimu wa Kiingereza amewapa mashairi ya Kiingereza cha kale, The Wanderer (Mtangatanga), The Seafarer (Baharia) na The Wife's Lament (Maombolezo ya Mke), na siku tatu sasa ameinamia kamusi haoni kitu ila baridi na majonzi. Nimepita hapo hapo. Nilifika Ohio kutoka Mombasa nikiwa na miaka 16, na mwaka wangu wa mwisho wa sekondari tuliuanza na mashairi hayo.

Insha yangu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili za kueleza kwamba yule mtu wa The Wanderer amekumbuka kwao. Mwalimu aliandika pembeni swali moja: "Kichwa chake kiko magotini pa nani?" Nikarudi kusoma. Mtu yule yuko peke yake baharini, usingizi unampitia. Anaota anamkumbatia na kumbusu bwana aliyemtumikia, anaweka mikono na kichwa magotini pake, kama enzi zile alipopokea zawadi ukumbini. Kisha anazinduka. Mbele yake mawimbi ya kijivu, ndege wa baharini wanaoga na kutandaza mbawa, theluji inaanguka pamoja na mvua ya mawe. Nyumba haitajwi kabisa katika ndoto ile. Anamlilia mtu.

Binti aanzie hapo. Kwa watu wale, mpiganaji alikuwa wa bwana wake: ndiye aliyemlisha, akamtunuku dhahabu, akamkinga. Bwana akifa na wenzio wakaanguka naye, huna pa kula wala wa kukusemea. Mojawapo ya maneno yao ya kumtaja bwana ni goldwine, yaani rafiki wa dhahabu. Ukilishika neno hilo, baridi yote iliyomo katika shairi unajua imetoka wapi.

Halafu asome kwa sauti, na akipata rekodi ya Kiingereza cha kale asikilize hata kama haelewi. Kila mstari umekatika katikati, kama mshororo wetu wenye ukwapi na utao. Wao lakini hawakutegemea vina. Nusu mbili zinashikwa pamoja na sauti inayorudi mwanzoni mwa maneno yenye mkazo. Katika The Wanderer: Hwær cwom mearg? Hwær cwom mago? Hwær cwom maþþumgyfa? Farasi yuko wapi? Kijana yuko wapi? Mgawa hazina yuko wapi? Sikiliza ile m inavyogonga.

Mimi mstari huo ulinitoa machozi darasani, maana nilimsikia bibi yangu, mzaliwa wa Lamu, akighani Al-Inkishafi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir naye anauliza wako wapi wakubwa wa Pate, na nyumba zao zimebaki mahame, makinda ya popo yananing'inia juu. Yule Mwingereza amesimama mbele ya kuta zilizogandwa na barafu, anaziita kazi ya kale ya majitu. Hawakujuana hawa wawili, bahari na karne nyingi ziliwatenga, lakini swali ni moja. Kama binti anazijua tenzi zetu, aandike hilo katika insha yake bila woga.

The Wife's Lament ina mistari 53 tu. Mume amevuka bahari, ndugu zake wamekula njama ya kuwatenganisha, naye mke anaishi katika pango la udongo chini ya mwaloni. Tunajua ni mwanamke kwa sababu sarufi ya mistari ya mwanzo ina viambishi vya kike. Ingeandikwa kwa Kiswahili, sarufi yetu isingetuambia.

Asijenge hoja juu ya vichwa vya mashairi. Yote matatu yamo katika kitabu kimoja cha karne ya 10, kilichoandikwa kwa mkono, ambacho Askofu Leofric, aliyefariki 1072, aliliachia kanisa kuu la Exeter, Uingereza, na humo hayana vichwa. Wahariri waliviweka baadaye. Na akikuta The Seafarer ilivyotafsiriwa na mshairi Mmarekani Ezra Pound mwaka 1911, ajue kwamba Pound aliacha sehemu ya mwisho inayomwelekea Mungu. Ni tafsiri nzuri mno kwa sikio, lakini mtihani ukiuliza imani ya baharia, itamwangusha.

Wakati ule nilimpigia bibi simu nikamsimulia The Wanderer kwa Kiswahili, polepole, mpaka ile ndoto. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Na huyo bwana wake, mwanangu, alizikwa na nani?" Sikuwa na jibu. Nilifungua kitabu usiku ule nikalikuta karibu na mstari wa 22, mahali nilipokuwa nikipita haraka: alimfukia yeye mwenyewe, ndipo akashika njia ya bahari.