Nikimeza vidonge vya sonona, nimepungukiwa imani?

Swali

Shikamoo daktari. Mimi ni dada wa miaka 29, kwetu Songea, nafua kwenye hoteli moja hapa Paje. Mama yangu alifariki mwezi wa kumi na moja. Mpaka nivuke boti, nifike Dar, nipande basi, walikuwa wameshazika. Tangu hapo sina hamu ya kitu. Nashtuka saa tisa usiku na usingizi haurudi, chakula hakipiti. Masika hii hoteli imefungwa, tumeambiwa tusubiri hadi Juni bila mshahara. Hospitali waliniuliza maswali mengi, wakasema nina sonona, wakanipa amitriptilini ya miligramu 25, kimoja usiku. Nikameza siku kumi: mdomo mkavu, choo kigumu, huzuni iko palepale. Nikaacha. Kikundi chetu cha maombi kinasema ni roho ya mauti, nifunge siku saba bila kula wala kunywa, na kwamba anayemeza vidonge vya akili hamwamini Mungu. Nami nikiomba naona kama nasema na ukuta. Kuna siku natamani nilale nisiamke. Anayenigongea mlango asubuhi na kikombe cha uji ni mama mwenye nyumba, naye ni Muislamu. Je, naweza kufunga huku natumia dawa? Na je, Mungu ameniacha?

Jibu

Marahaba dada, na pole sana kwa msiba. Mimi si daktari, ni muuguzi wa afya ya akili, na Jumapili niko kanisani kama wewe. Kwa hiyo nitakujibu yote mawili, ila si kwa mpangilio uliouliza.

Naanzia pale ulipopitia haraka. Kutamani kulala usiamke ni dalili, na sisi tukiisikia tunaweka mengine pembeni na kuuliza: umewahi kupanga namna ya kujidhuru? Unacho cha kufanyia? Nakuuliza na wewe, ujijibu kweli. Wapo wanaoogopa kuuliza hivyo wakidhani watamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Anayeulizwa waziwazi mara nyingi hushusha pumzi, maana kile alichokuwa akikificha kimetajwa na mtu hajakimbia. Kama jibu lako ni ndiyo, usisubiri tarehe ya kliniki wala Jumapili; nenda leo hospitali iliyo karibu, na usiende peke yako. Kama ni hapana, bado leo hii vidonge vilivyobaki mpe mama mwenye nyumba akutunzie. Amitriptilini inafaa kwa kipimo chake, lakini ikizidi hushambulia moyo, na mwenye sonona hafai kulala na pakiti nzima kichwani pake. Huna haja ya kumweleza mengi. Mwambie tu, "Mama, nishikie dawa zangu, uwe unanipa za usiku mmoja mmoja."

Na wala usijione kwamba Mkristo wa kweli hawazi hivyo. Fungua 1 Wafalme 19. Eliya, nabii aliyetoka kushinda mbele ya taifa zima mlimani Karmeli, anakimbia jangwani, anaketi chini ya mretemu na kumwambia Mungu yatosha, aiondoe roho yake. Angalia Mungu alivyomjibu. Hakumkemea, wala hakumwambia imani yake imepungua. Eliya analala. Malaika anamgusa, "Inuka, ule," na pale kichwani pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula kilekile, maana safari ni kubwa mno kwake. Mazungumzo yanakuja baadaye, Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Nimeisoma sura hii na wagonjwa wengi, na kila mara huwaomba wahesabu: usingizi mara mbili, chakula mara mbili, ndipo neno. Kile kikombe cha uji usikirudishe mlangoni.

Sasa dawa. Siku kumi za miligramu 25 hazitoshi kusema dawa imeshindwa, kwa sababu mbili. Kwanza, 25 ni ngazi ya kuanzia. Kwa mtu mzima mwenye sonona, mhudumu huipandisha taratibu, wiki hadi wiki, mpaka mwili ufike kwenye kipimo kinachotibu, na wengi huhitaji mara kadhaa ya hicho ulichoanzia. Usipandishe mwenyewe, kuna maswali ya moyo na shinikizo la damu yanayotangulia. Pili, nafuu ya huzuni huchukua wiki 2 hadi 4, wakati mwingine 6. Madhara madogo huwahi, faida huchelewa, na hapo katikati ndipo watu wengi hutupa pakiti. Mdomo mkavu na choo kigumu ulivyoviona ni tabia ya amitriptilini inayojulikana: kunywa maji mara kwa mara, kula mapapai na mboga za majani, na ujue kwa wengi hupungua. Usipovimudu, ipo fluoksetini, miligramu 20, humezwa asubuhi. Hiyo haikaushi mdomo hivyo, ila siku za mwanzo huweza kuleta kichefuchefu na wasiwasi. Ukishapona kabisa utaendelea na dawa, yoyote kati ya hizo utakayokuwa nayo, miezi 9 hadi 12, halafu itapunguzwa kidogo kidogo. Vidonge hivi havina ulevi wa kumfanya mtu avitafute vichochoroni, lakini kuvikatisha ghafla huleta kizunguzungu na usingizi mbovu.

Kuna swali huenda hukuulizwa. Umewahi kuwa na siku ambazo ulilala saa mbili tu bila kuchoka, ukasema bila kukoma, ukagawa fedha, ukahisi umepewa ujumbe kwa dunia nzima? Kama ndiyo, mwambie mhudumu kabla hujameza tena, kwa kuwa huo ni ugonjwa mwingine na dawa ya sonona peke yake inaweza kuuwasha. Nalisema kwa sababu kwenye baadhi ya ibada zetu hali hiyo huitwa upako, watu wakapiga makofi, na mgonjwa akaja kufikishwa hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, mjini Zanzibar, akiwa amefungwa kamba. Pia waombe wakupime wingi wa damu. Upungufu wa damu peke yake unatosha kumfanya mtu aone dunia nzito, na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri hufanya vivyo hivyo.

Swali lako zito ni la ukuta. Sonona inatambuliwa kwa kundi la dalili zinazodumu angalau wiki mbili, na mbili kati yake ndizo nguzo: huzuni isiyoondoka, na kukosa raha katika mambo yaliyokuwa yakikupa raha. Hiyo karatasi ya maswali 9 uliyojazishwa, kila swali alama 0 hadi 3, inaanza na hilo la pili. Watu wanadhani raha inayokusudiwa ni ya chakula, muziki na mazungumzo. Ni pamoja na raha ya kuabudu. Kiungo kilekile kinachokufanya ufurahie kwaya kikiugua, kwaya inakuwa kelele, pambio linakuwa maneno, na maombi yanagonga dari. Mwenye homa ya malaria hulalamika chai chungu. Sukari haijapungua kikombeni. Ukijipima imani kwa unavyohisi wakati huu, unatumia mizani iliyoharibika.

Hisia hiyo, kwa nilivyoona, ndiyo huchelewa kurudi. Usingizi hutangulia, kisha tumbo hudai chakula, kisha siku moja mtu anacheka bila kukusudia. Utamu wa maombi huja nyuma ya hayo yote, na wengine huvunjika moyo katikati ya njia wakiamini mwili umepona lakini Mungu bado amenuna. Kwa hiyo tusiongeze juhudi ya kuhisi. Kesha la usiku mzima halikufai sasa, ndiyo kwanza usingizi unaanza kutafutwa. Omba kifupi, kwa maneno ya mwingine. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, nayo inaanza na "hata lini". Isome kwa sauti, mara moja, saa ileile kila siku, ufunge kitabu uende zako. Ukikuta hata kusoma hakuingii akilini, msikilize mtu akikusomea kwenye simu. Na siku ambayo hata hilo "umtumaini Mungu" la mwisho wa zaburi nyingine linakukera, ipo ya 88. Hiyo haina mwisho mzuri. Inaishia gizani, na waliokusanya Biblia waliiacha humo hivyo hivyo.

Tumaini basi liko wapi, kama moyoni halipo? Sehemu kubwa ya jibu langu ni Marko 2. Watu wanne wanambeba mwenye kupooza, wanatoboa dari, wanamteremsha. Imeandikwa Yesu "alipoiona imani yao". Mgonjwa hakusema neno. Kuna msimu ambao mtu huaminiwa na wenzake, na si aibu. Chagua wawili katika kikundi chako, wale wasiosema sana, uwaambie: "Mimi siwezi kuomba sasa, ombeni ninyi kwa niaba yangu, na Jumatano mmoja aje tutembee hadi ufukweni." Kutembea huko ni tiba pia. Mwenye sonona husubiri hamu ije ndipo afanye. Sisi tunamwelekeza afanye kidogo, kwa saa iliyopangwa, hamu itakuta kazi imeshaanza. Hasa wewe ambaye hoteli imekuondolea ratiba: amka saa ileile, oga, fua nguo zako mbili, toka nje kabla jua halijawa kali. Usilale mchana.

Kufunga. Huku Zanzibar tumezoea kupanga dawa upya kila Ramadhani, kwa hiyo kufunga kwa Kwaresima hakutushindi. Amitriptilini ni ya usiku, na fluoksetini ni mara moja kwa siku, ina chakula au haina. Yoyote utakayopewa inaingia baada ya kufungulia. Wenye kutumia lithiamu, dawa ya ule ugonjwa mwingine niliokutajia, ndio hawapaswi kujaribu kukaa bila maji, maana dawa hupanda kwenye damu hadi kuwa sumu. Lakini wewe umeshasema chakula hakipiti. Siku saba bila kula wala kunywa ni hatari kwa mtu yeyote mzima wa afya, seuze wewe. Nakukataza, waziwazi. Kama unataka kujinyima kitu kwa ajili ya Bwana, jinyime simu baada ya saa tatu usiku.

Kuhusu wenzako wa maombi, sitaingia kubishana nao habari za roho; hilo ni la mchungaji wenu. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuwekewa mikono saa kumi na kumeza kidonge saa tatu, na hakuna kinachomdhuru mwenzake. Hezekia alilia, akaomba, Mungu akamsikia na kumwongezea miaka 15, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Luka alikuwa tabibu. Ukienda mjini pita Mkunazini: jiwe la msingi la kanisa kuu la Anglikana liliwekwa 1873, mwaka uleule soko la watumwa la Zanzibar lilipofungwa, na jengo la uani ambalo leo wageni hushuka chini yake kuoneshwa vyumba vya watumwa lilikuwa hospitali ya misheni. Waliolijenga hawakuona taabu kutoka kwenye sala na kuingia wodini. Anayekuombea namshukuru. Anayekuagiza utupe dawa amevuka mpaka wa kazi yake, awe na cheo gani. Ukipata nafasi mwombe mchungaji akusindikize kliniki. Wengi wakikaa mara moja kwenye kiti kile na kuuliza maswali yao, hulegea.

Umeandika pia, kati ya mistari, kwamba hukumwahi mama. Huzuni ya msiba siitibu kwa kidonge, ina haki yake. Lakini kujiona mwenye hatia ya ratiba ya boti ni dalili ileile ya karatasi ile. Ukipata nauli Juni, nenda Songea, simama kaburini, mwombe mjomba au shangazi aendeshe sala. Kama mna desturi ya arobaini nayo ilikupita, familia nyingi hukubali kufanya misa au ibada ya shukrani wakati mwingine. Waulize sasa kwa simu, uwe na tarehe ya kusubiri.

Rudi hospitali wiki hii, ileile uliyoanzia, umuulize muuguzi wa afya ya akili. Wakiona inafaa watakupa rufaa ya Kidongo Chekundu, ambako huenda mtu kwa kliniki na kurudi kwake, si lazima alazwe. Kwa wasomaji wa Pemba, anzieni hospitali ya Chake Chake, ya Wete au ya Abdulla Mzee pale Mkoani. Chukua pakiti ya vidonge ilivyo, waone umeacha siku gani, wala usidanganye kwamba ulimaliza, kwa sababu kipimo kinachofuata kitapangwa kutokana na hapo. Daladala ya kwanza ya asubuhi ndiyo yenye nafasi, na mwombe mama mwenye nyumba mwende naye.