Bateni ya tanga ikivunjika: ya nyuma iunge, ya mbele ibadilishe

Kila kaskazi ikianza kukaza, watu huniletea matanga ya windisafu, ule mchezo wa kuteleza majini juu ya ubao wenye tanga, yaliyovunjika bateni na swali lao ni lilelile: "Hii inaungika?" Nami huwauliza kwanza imevunjikia wapi. Ikiwa ni sehemu ya nyuma, inaungika na utacheza nayo msimu mzima. Ikiwa ni ile sehemu nyembamba karibu na mlingoti, usipoteze gundi yako, tafuta nyingine.

Kwa asiyezoea, bateni ni fimbo za faiba, nyingine zimechanganywa na kaboni, zinazopita ndani ya mifuko mirefu iliyoshonwa juu ya tanga, kutoka mlingotini hadi ukingo wa nyuma. Tanga la mawimbi huwa na 3 hadi 5, la mashindano hufika 7. Kazi yake ni ile ya vyuma vya mwavuli. Tanga la ngalawa halina kitu hiki, maana lile hupewa umbo na foromali, ule mti unaobeba tanga, na upepo wenyewe. Wavuvi pale ufuo wa Jomo Kenyatta, Bamburi, wakiona langu limelala mchangani limevimba bila upepo, huuliza limekula nini.

Sasa itazame bateni moja kwa makini. Nyuma ni nene, mara nyingi ni bomba. Mbele imechongwa ikawa nyembamba. Ufito wenye unene mmoja ukiubana ncha zote mbili hupinda katikati, lakini ukiupunguza unene upande mmoja, mpindo husogea upande huo. Ndiyo siri ya tumbo la tanga kukaa mbele, karibu na mlingoti. Likikaa hapo, mikono yako miwili inagawana kazi. Likirudi nyuma, kila upepo ukivuma ghafla mkono wa nyuma ndio unaovutwa, na baada ya nusu saa bega linakuuma hujui kwa nini.

Ukiweka kiungo cha gundi pale mbele, unaweka kitu kisichopinda mahali panapotakiwa kupinda kuliko kote. Nguvu yote huhamia kwenye mwisho wa kiungo, na bateni huvunjika tena sentimita chache pembeni. Nimewahi kuletewa bateni yenye magango mawili yanayofuatana. Mwenyewe alikuwa akijiandaa kutia la tatu, na tanga lake lilikuwa na kona mahali pa tumbo.

Lakini kabla ya kufikiria kuunga au kubadilisha, itoe. Ikivunjika ukiwa majini, rudi ufuoni, shusha tanga, uitoe siku hiyohiyo. Faiba iliyovunjika huwa na miiba mikali kama sindano. Kila tanga linapopinduka kushoto na kulia, miiba hiyo inasaga mfuko, kisha inatoboa ile plastiki angavu ya tanga. Bateni ni kitu cha kupatikana. Mfuko uliochanika urefu wa mkono ni kazi ya kushona upya, na plastiki iliyopasuka ni balaa nyingine kabisa.

Vaa glavu. Si mambo ya kujidai, kijiti cha faiba kikiingia kwenye kidole utakihisi wiki nzima, maana hukatikia ndani ukijaribu kukivuta. Legeza kibanio cha bateni kilichoko ukingo wa nyuma. Vingi hufunguliwa kwa ufunguo wa aleni, vingine ni mkanda na bizimu. Piga picha kabla ya kulegeza, ili ujue kilikuwa kimekazwa kiasi gani. Kipande cha nyuma kitatoka bila shida. Cha mbele ndicho kikorofi, kwa sababu kimebaki ndani na miiba yake inakamata kitambaa. Usikivute kwa nguvu. Ingiza mkono kupitia tundu la bumu (ile fimbo unayoishika ukiwa majini) kwenye mfuko wa mlingoti, ushike ncha yake ya mbele, ukizungushe taratibu huku mwenzako akikisukuma kwa bateni nyingine iliyofungwa tepu kichwani. Kikikataa kabisa, fumua mishono michache ya mfuko. Ni afadhali mishono kuliko tundu.

Ukishakitoa, mimina maji baridi ndani ya mfuko mpaka vumbi na vijiti vyote vitoke. Mfuko ukiwa umeumia, mpelekee fundi wa maturubai ya malori, si fundi wa kanzu. Mashine yake imezoea kitambaa kigumu, na mwambie atumie uzi wa polista.

Haya, tuje kwenye kuganga. Kama bateni ni bomba na imevunjika nyuma, kazi ni nyepesi. Zungusha tepu ya umeme pale utakapokata, kisha kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo. Tepu inazuia faiba isichanike. Lowesha kidogo ili vumbi lisiruke, na vaa barakoa. Ondoa sehemu yote iliyochakaa mpaka ufike kwenye faiba nzima. Halafu tafuta ufito wa faiba unaoingia ndani ya bomba kwa kubana kidogo tu. Mimi hupenda uingie angalau sentimita 10 kila upande. Ufito huo hupatikana kwenye kipande cha bateni nyingine iliyokufa, au kwenye fimbo ya zamani ya mshipi, ya faiba, iliyovunjika. Kwaruza kwa msasa ndani ya bomba na juu ya ufito, futa vumbi, paka gundi, ingiza.

Kile ulichokata na kutupa lazima kirudishwe kwa urefu, la sivyo bateni itakuwa fupi na kibanio hakitafika. Kwa hiyo, kabla ya kukata chochote, laza vipande vyote sakafuni vikigusana kama vilivyovunjika, upime urefu, uandike. Na uandike pia upande upi ni wa mbele. Inaonekana jambo dogo mpaka uikute bateni imeingizwa kinyume, nene mlingotini na nyembamba nyuma.

Kuhusu gundi, Mombasa ina mafundi wa maboti ya faiba wanaojua zaidi yangu, na yule niliyejifunzia kwake yuko Mtwapa. Nilimpelekea gundi ya tyubu mbili, ile inayokauka kwa dakika 5.

"Shikamoo mzee. Hii haitoshi?"

"Marahaba. Itashika, mwanangu, itashika. Ukiingia majini nayo ndipo itakapokuaga."

Ana haki. Epoksi ya haraka huwa haistahimili maji na mitikisiko kama ile inayochukua saa nyingi kukauka. Rezini ya poliesta, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye maboti, inafaa sana pale unapojenga faiba mpya kwa mpya, lakini kwa kuunganisha faiba iliyokwisha kukauka siku nyingi, epoksi hung'ang'ania zaidi. Changanya kidogo tu, asubuhi na mapema, kivulini. Joto letu la mchana huifanya iwahi kuganda, na ukiirundika kwenye kikombe huchemka yenyewe kabla hujamaliza kupaka. Laza bateni kwenye chuma kilichonyooka, kama kipande cha fremu ya dirisha, uifunge isisogee, uiache hadi kesho. Ikikaukia imepinda, itabaki hivyo.

Bateni ambayo si bomba bali ni ufito usio na tundu ni kazi ya subira zaidi. Ncha zote mbili huchongwa kwa mshazari mrefu, mara 10 au 12 ya unene wake, zikalaliana na kugundishwa, kisha kiungo kikazungushiwa nyuzi za faiba zilizolowa epoksi. Ni ujuzi uleule wa seremala wa majahazi anapounga mbao. Jaribu kwanza kama kiungo kitapita mfukoni, maana mifuko mingine ni myembamba.

Ukitaka kujua umefanya kazi nzuri, weka bateni juu ya viti viwili, tundika katikati chupa ya maji ya lita 1, upime imepinda kiasi gani. Fanya hivyo pia kwa bateni ya jirani yake kutoka tanga hilohilo, kwa umbali uleule wa viti. Hazitalingana kabisa, lakini tofauti ikiwa kubwa, tanga litakwambia hivyo majini.

Na kama ni ya kubadilisha? Sijakuta duka mjini linaloweka bateni rafuni. Kabla hujaagiza nje, zunguka kwa wenye mbao za windisafu kuanzia Nyali hadi Shanzu, hata Diani, uulize nani ana tanga lililokufa. Jua la huku huua plastiki ya tanga mapema, lakini bateni zilizomo ndani, kwa kuwa zimefunikwa mfukoni, mara nyingi ni nzima. Tanga moja bovu ni akiba ya miaka. Tafuta inayokaribiana kwa unene na kwa jinsi ilivyochongwa mbele. Ikiwa ndefu, ikate nyuma, mbele usiiguse.

Ukilazimika kuagiza, taja kampuni, aina, mwaka na ukubwa wa tanga, na useme wazi unahesabu bateni kutoka juu au kutoka chini. Bateni ya karibu na bumu ya tanga kubwa inaweza kuzidi mita 2, na mzigo mrefu hivyo ni ghali kusafirisha. Nyingi zimeundwa kwa vipande viwili vinavyochomekana: uliza kama wanauza kipande cha mbele peke yake. Hicho mgeni wako anaweza kukitia kwenye begi.

Mwanzi uliochongwa vizuri utakuvusha wikendi, siwezi kukataa. Wachina wameendesha merikebu kwa matanga yenye bateni za mwanzi kwa karne nyingi. Ila mwanzi hunywa maji na kuwa mzito, basi uwe wa dharura tu.

Ukirudisha bateni, usiikaze tanga likiwa halijasimamishwa. Tia mlingoti, vuta kamba ya chini na ya nyuma kama unavyoingia majini, ndipo ukaze bateni hadi ile mikunjo ya wima inayokatiza mfuko ipotee. Ikipotea, acha. Ukizidisha, tanga linakuwa gumu kupinduka upande wa pili, na bateni inaishi chini ya mzigo hata ukiwa nyumbani umelala.

Zinavunjika kwa nini? Hapa kwetu, kwanza ni maji kupwa. Siku za bamvua maji ndani ya mwamba yanapungua mno, ukianguka mlingoti unagonga chini na tanga linalalia matumbawe nawe uko juu yake. Ngoja maji yajae. Kusi nayo, maji yakijaa, huleta mawimbi yanayovuka mwamba na kukuangukia karibu na ufuo. Hapo usibishane na wimbi kwa ajili ya tanga, ligeuze mlingoti uelekee baharini na utoke upesi. Tatu ni tanga kuachwa limesimamishwa ufuoni likipigapiga upepo mchana kutwa wakati mwenyewe anakunywa madafu. Nne ni usafiri. Likunje kuanzia juu kwenda chini, bateni zikilaliana sambamba, na ukilitia kwenye tuktuk likae miguuni mwa abiria, lisifungwe juu ya paa.