Bloku ya Dragi: Angalia Chuma Kabla ya Jina

Kijana wa Malindi mwenye Toyota Mark II ameuliza: kwa dragi, yaani mbio fupi za kasi kwenye njia iliyonyooka, anunue bloku (mwili wa injini wenye silinda) ya 1JZ au ya 2JZ, injini za Toyota za silinda sita? Yoyote, mdogo wangu, mradi iwe nzima. Zote ni chuma cha kusubu, na silinda zake zote zina kipenyo cha milimita 86. Zinapotofautiana ni mwendo wa pistoni: 71.5 kwa 1JZ, 86 kwa 2JZ. Usipagawe na herufi GTE pia, za injini yenye turbo. 2JZ-GE isiyo na turbo ina chuma kilekile; kwa kawaida inachokosa ni vijitundu vya kurushia pistoni mafuta kutoka chini.

Adui wa bloku huku pwani ni maji ya kisima. Watu wanayamwaga kwenye rediata miaka nenda miaka rudi, nayo yana chumvi. Chumvi hula ukuta wa silinda kwa nyuma, upande wa maji, jicho lisikofika. Muuzaji atakuonyesha silinda zinazong'aa. Wewe ng'oa vile vizibo vya bati vya ubavuni, chokonoa kwa bisibisi, mulika tochi. Kutu ikibanduka vipande vipande kama magamba ya samaki, iache hapo hapo hata akupunguzie bei nusu. Ukuta uliolika hupasuka turbo ikianza kusukuma.

Ikipita hapo, pima kila silinda juu, katikati na chini, mara mbili kwa kukingamana. Chagua iliyobaki 86, ili ukichonga hadi 86.5 bado una akiba ya ukuta. Laza rula ya chuma kwenye uso wa juu, kona kwa kona. Filageji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.05 ikipenya, uso usawazishwe, la sivyo gasketi itaungua kila ukikanyaga. Nyufa zitafute kwa mafuta ya taa: paka, futa pakauke, nyunyiza unga wa chaki, subiri. Ufa utajichora wenyewe. Kagua hasa matundu ya boliti za hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na mahali zinapokaa beringi kuu za krankishafti.

Na usidanganyike kwamba injini ilivumilia Nairobi. Malindi iko usawa wa bahari, kanieneo ya hewa imezidi ya kule kwa kama moja ya tano. Silinda inajaa zaidi, mshindo unakuwa mkali zaidi.

Fundi wa kuchonga afunge kwanza bamba zito juu ya bloku, akaze boliti kwa nguvu ileile ya hedi, ndipo achonge. Boliti zikikazwa baadaye, silinda hupinda. Kama hana bamba hilo, tafuta mwingine, hata kama ni Mombasa.