Kebo inayotembea si kebo ya ukutani: kwa nyie mnaoanza matengenezo kiwandani

Jumanne nimeitwa laini ya pili, paletaiza, ile mashine ya kupanga katoni kwenye paleti, imesimama. Nafungua cheni, ule mnyororo wa viungo unaobeba kebo zinazotembea na mashine, nakuta humo ndani kebo ya SY, ile ya ganda la plastiki unaloona wavu wa chuma kwa ndani, imefungwa kebo tai, vile vikanda vya plastiki vya kukaza, kila baada ya shubiri moja, mikia imekatwa vizuri, kila kitu kimenyooka kama nguo imepigwa pasi. Vijana wawili wa fildi wamesimama pembeni wanasubiri niwasifie. Jamani. Nilikosa hata nguvu ya kugomba, maana kazi ile ile, kwa usafi ule ule, niliifanya mimi miaka 11 iliyopita na kuna mtu aliumia kwa ajili yake, nitawasimulia huko chini.

Kwa hiyo wadogo zangu wa VETA, wa DIT, na nyie mliotoka kufunga nyumba mkaingia kiwandani, kaeni hapa kidogo.

1. Usianze kuuliza ampea ngapi. Anza kuuliza hii kebo inatembeaje. Ampea ni hesabu ya dakika mbili, kila mtu anaijua. Kebo ya kwenye cheni inapinda upande mmoja, inakwenda na kurudi. Ya kwenye mkono wa roboti inasokotwa. Ya kwenye ngoma ya kreni za bandarini inavutwa kwa nguvu na kubeba uzito wake huku inapinda, ndo maana kwa ndani inawekewa nyuzi za kubeba mvuto. Hizo ni kebo tatu tofauti hata kama zote ni za kori (nyaya za ndani) 4 za milimita 10 za mraba. Kuna kijana mmoja, fundi mzuri kabisa na mwenye bidii, alichukua kebo halisi ya cheni, ya bei mbaya, akaivalisha mkono wa roboti ya kuchomelea. Wavu wa shildi, ule wa kukinga kelele za umeme, ukaanza kukatika nyuzi nyuzi, zile nyuzi zikatoboa kori za ndani, na yeye kila siku ananiambia lakini braza hii ni kebo ya fleksi. Ndiyo mdogo wangu, ni ya fleksi, lakini hiyo imezaliwa kupinda, wewe unaikamua kama nguo.

2. Angalia daraja la shaba, ila usiishie hapo. Kwenye IEC 60228, kiwango cha kimataifa cha shaba za kebo, mnajua daraja la 1 ni waya mzima, la 2 ni wa nyuzi chache, la 5 ni laini na la 6 ni laini zaidi. Kori ya milimita 2.5 za mraba ya daraja la 5, uzi mmoja mmoja hauruhusiwi kuzidi unene wa milimita 0.26, na ya daraja la 6 ni 0.16. Sasa watu wakishajua hili wanadhani wamemaliza. Hapana, kuna kebo ya daraja la 5 nzuri tu ya kufungia paneli ambayo ukiiweka kwenye cheni inakufa ndani ya mwezi, kwa sababu kinachoibeba kebo kwenye cheni ni namna kori zilivyosukwa. Zikipangwa kwa matabaka, tabaka juu ya tabaka, kwenye kona zile za nje zinavutwa na za ndani zinabanwa mpaka kebo nzima inajisokota kama springi. Zikisukwa kwa mafungu madogo madogo kuzunguka kiini, kila kori inapata zamu yake ya kuwa nje na ya kuwa ndani, hakuna inayoonewa.

Na hapa ndo niwape ile habari.

Kiwanda cha vinywaji, Dar, paletaiza kama hii hii. Kebo ya ishara ya kwenye kichwa cha kunyonya katoni imekatika. Ya asili inaagizwa nje, wiki sita. Mkuu wa prodakshini anapita kila nusu saa anauliza vipi fundi, na mimi nilikuwa kijana ninayetaka nionekane. Nikakata kipande cha kebo nikatia mfukoni nikaenda Kariakoo. Muuzaji akahesabu kori, 18, akapima, milimita moja, akatoa koili, hii hapa. Bei haifiki hata theluthi ya ile ya kuagiza. Nikarudi natembea kifua mbele. Koili nikaivuta sakafuni kama mtu anavuta kamba ya ndoo, pete moja moja, mita 22, na kila pete inayotoka hivyo inaingiza msokoto mmoja kwenye kebo, ila wakati ule sikulijua hilo. Nikaipitisha, nikaifunga kebo tai kwenye viungo vya cheni ili isichezecheze. Mashine ikawaka. Nikapigiwa makofi, kweli, nilipigiwa makofi.

Siku 19. Ile mashine inakwenda na kurudi mara 8 kwa dakika, saa 20 kwa siku, yaani mara 9,600 kila siku, piga kwa 19 ni zaidi ya laki moja na themanini. Ndipo ikaanza kusimama usiku. Alamu inasema katoni haijashikwa, unaangalia katoni imeshikwa, unabonyeza riseti, inaondoka. Baada ya saa moja tena. Nikapima kebo na multimita, kori zote 18 zinalia piii bila kukosa. Nikabadilisha sensa. Nikabadilisha kadi ya ingizo ya PLC, ile kompyuta inayoendesha mashine, kadi ambayo haikuwa na kosa lolote, na stoo ilikuwa moja tu. Bado inasimama.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Suparavaiza aliponiuliza nikamwambia umeme uko sawa, tatizo ni opereta, anaingiza katoni zimepinda halafu anakimbilia riseti. Niliyasema hayo bila kushuhudia kitu chochote, nilichojua ni kwamba multimita yangu imelia. Yule dada wa shifti ya usiku akapewa barua ya onyo. Alikuwa na miaka mingi kwenye ile mashine kuliko mimi.

Hakuja kugombana na mimi. Alichukua teipu nyeupe akawa kila mashine ikisimama anabandika kipande kwenye fremu, pale pale kichwa kilipogandia. Usiku wa tatu akaniita. Vipande 14, vyote ndani ya upana wa kiganja kimoja. Akaniambia, fundi, katoni zinabadilika, mahali hapabadiliki.

Nilipima tena, safari hii mashine inasogezwa polepole kwa jogi, yaani kidogo kidogo kwa kitufe, na multimita imeshikwa kwenye kori. Piii, piii, inafika kwenye teipu, kimya. Inapita, piii. Yaani siku zote nilizopima kichwa kilikuwa kimeegeshwa nyumbani, kebo imelala, shaba iliyokatika imegusana vizuri kabisa. Nikaitoa kebo nikaipasua. Ganda la nje halina mkwaruzo, linang'aa kama siku ya dukani. Ndani kori zimejiviringa, mbili zimekatika kabisa, ncha za nyuzi zimechoma insulesheni zimetokeza kama sindano, na mahali pa kukatika ni pembeni tu ya kebo tai yangu.

Asubuhi nilikwenda ofisini nikasema kosa ni langu, na nikalisema tena mbele ya shifti nzima kwa sababu lawama niliitupa mbele yao. Barua ikatolewa kwenye faili. Lakini mwezi ule bonasi yake alishakatwa na haikurudishwa. Nikimkumbuka mpaka leo nasikia moyo unauma. Kwa hiyo nikiwaona mnafunga kebo tai ndani ya cheni msishangae sauti yangu ikipanda, sigombani na plastiki.

3. Mpindo. Kwenye karatasi ya kebo kuna namba mbili, ya kebo iliyotulia na ya kebo inayotembea, na nyie mnasoma ile ndogo kwa sababu inawafurahisha. Kebo ya kipenyo cha milimita 14 iliyoandikwa 10 kwa mwendo, yaani mara 10 ya kipenyo chake, inataka nusukipenyo cha milimita 140. Cheni yako ni ya 100? Tafuta kebo nyingine au badilisha cheni. Cheni haikubembelezi.

4. Ganda. PVC kwenye mafuta na maji ya kukatia chuma inakakamaa halafu inapasuka, weka ganda la PUR (poliyurethani). Na ile kebo nyeusi ya mpira, H07RN-F, naipenda sana, kwa pampu na kwa pendanti, ile rimoti ya kuning'inia, haina mfano, lakini kwenye cheni mpira unang'ang'ania kebo za jirani, haitelezi, zinavutana mpaka moja inatoka.

5. Kebo ndani ya cheni ilale huru. Ishikwe ncha mbili tu, kwa klampu pana zisizoinyonga, pale cheni inapoanza na inapoishia. Iachiwe nafasi ya angalau asilimia 10 ya kipenyo chake, wekeni vitenganishi, nzito zikae pembeni na nyepesi katikati, uzito ulingane pande zote. Mkimaliza mkaendesha siku moja rudini muangalie kwenye kona, kebo haitakiwi kubana ukuta wa ndani wala kusukuma wa nje, ikifanya hivyo urefu umekosewa, legezeni klampu mrekebishe. Hii ya kurudi kuangalia hakuna anayeifanya, kila mtu akishasikia mashine imeunguruma anakwenda kunywa chai.

6. Kufungua koili: izungushe koili yenyewe, iweke kwenye stendi au iviringishe sakafuni, ilaze kebo yote inyooke chini kabla ya kuipitisha, na ikibidi ininginize kutoka juu usiku mzima ijifungue. Na msifuate yale maandishi ya kwenye ganda mkidhani yakinyooka kebo haina msokoto, maandishi yenyewe kiwandani huwa yanazunguka kidogo, kwa hiyo ukiyanyoosha ndo unaisokota.

7. Shildi ya kebo ya servo, ile mota ya kuendesha kwa usahihi, ishikwe duara zima kwenye glandi ya chuma, msiisokote mkia mkaupeleka kwenye skrubu ya ethi.

8. Dukani nenda na kalipa, kile kipimo cha unene, na kisu. Kwangua uzi, ukiona weupe ndani ya wekundu hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudishe kwa heshima uondoke. Ile hata kwenye mashine isiyotembea siipendi. Halafu hesabu nyuzi, pima unene wa uzi mmoja, maana milimita moja ya kwenye ganda na milimita moja ya kweli wakati mwingine hazijawahi kukutana. Wauza duka wengi ni watu wazuri, ila wanakupa ulichoomba, na wewe ukiomba "kori 18 milimita moja" umeomba kebo ya ukutani.

9. Bei. Bosi atakwambia ghali. Usimbishie kwa maneno, mwandikie kwenye karatasi saa ambazo laini imesimama mwezi uliopita na paleti ambazo hazikutoka, upande wa pili andika bei ya kebo, muachie karatasi mezani. Mimi hii imenifanyia kazi mara nyingi kuliko kubishana.

10. Na muwasikilize maopereta. Wanakaa na mashine saa 12, wanaijua inavyopumua. Wakikwambia "inasimamaga pale", usijibu, chukua teipu.

Wale vijana wawili wa Jumanne nimeshawapa ile SY waipasue wenyewe, mmoja amekaa nayo muda mrefu anaigeuza tu hasemi kitu. Kebo mpya iko stoo, Jumamosi saa mbili asubuhi tunaifunga. Njooni na kalipa. Kebo tai acheni nyumbani.