Anza na mkutano, hotuba baadaye

Mwalimu, umeuliza uanzie wapi kuwafundisha wanafunzi wa kilimo uongozi na kuendesha mikutano. Mimi ningewapa hoja inayowagusa kweli: mahindi ya shamba la shule yauzwe sasa au yasubiri bei ipande? Wachague mwenyekiti na katibu. Mmoja atoe hoja, mwingine aiunge mkono, ndipo ijadiliwe. Pakiwa na marekebisho, yapigiwe kura kwanza, kisha hoja yenyewe. Mwenyekiti akianza kubishana kama mjumbe, mkatize palepale, maana ugonjwa huo tunao hadi kwenye AMCOS zetu, vyama vya ushirika vya wakulima. Katibu naye aandike maazimio: nani atafanya nini, na lini. Wengi huandika "wajumbe walijadili kwa kina", basi.

Akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa ili kikao kiwe halali, usiiruke. Toa nusu ya darasa nje, halafu uliza kama kura bado ni halali. Hapo watabishana wenyewe.

Kuongea mbele ya watu: dakika tatu, bila karatasi, mada ya shambani, mfano viwavijeshi vamizi, kisha maswali. Maswali ndiyo yanayompima mtu. Kule Marekani FFA, chama cha wanafunzi wa kilimo kilichoanzishwa 1928, hushindanisha timu hata kwenye utaratibu wa mikutano. Wanaoanza hukariri tamko la chama, halafu majaji wanawahoji.

Na uenyekiti uwe wa zamu. Usipoangalia, wasichana watakuwa makatibu mwaka mzima.